"Tea" ya Leeds si chai ya Makorora

Kutoka: Mwali wa Makorora

Shikamooni wakubwa wote mlioko Uingereza na mliorudi. Tiketi yangu imetoka, mwezi ujao natoka hapa Tanga naenda Leeds kuhudumia wazee majumbani. Nimetumiwa mfano wa ratiba ya zamu: kila mzee anatembelewa mara nne, na imeandikwa "breakfast", "lunch", "tea" na "bed". Hiyo ya tatu inaanza saa kumi na nusu jioni, nusu saa nzima. Nusu saa ya kikombe cha chai? Mie yangu naichemsha na tangawizi na haifiki dakika kumi. Kamusi yangu ndogo inasema "tea" ni chai, basi. Nisaidieni nisiende kuaibika.

Kutoka: Dada wa Leeds, niko nyumbani likizo

Marahaba mdogo wangu. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwa mama, Chumbageni. Umeme umekatika na simu inakaribia kuzima, kwa hiyo nikikatika ghafla usinune.

Hilo swali mie sikuliuliza, nikakiona cha mtema kuni. Wiki yangu ya kwanza nilipangiwa bibi mmoja wa miaka tisini na kitu. Ratiba inasema "tea". Nikaingia, nikamsalimu, nikamtengenezea kikombe safi, nikamwekea biskuti mbili kwenye kisahani, nikamfunika miguu blanketi, tukapiga soga mpaka muda ukaisha. Kwenye daftari nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba nimempa "tea". Usiku aliyekuja kumlaza akamkuta analalamika njaa. Asubuhi nikaitwa ofisini: daftari linasema amekula, bibi anasema hajala, haya, nani mwongo? Wallahi sikusema uongo. Tea nilimpa!

Kaskazini ya Uingereza watu wengi wakisema "tea" wanamaanisha mlo wa jioni. Viazi, soseji, maharage ya kopo, samaki, chochote cha kushibisha. Na "dinner" kwao ni chakula cha mchana. Ndiyo maana akina mama wanaogawa chakula shuleni huitwa "dinner ladies". Ofisi itakuandikia "lunch" lakini mzee mwenyewe atakuambia "dinner", usidhani amechanganyikiwa. Ukishuka kusini, kwa wengi "dinner" inarudi usiku.

Ila usiwacheke. Mtu akikukuta asubuhi pale Ngamiani akakuuliza "umekunywa chai?", anauliza kikombe? Unaweza kuwa umekula muhogo na samaki, chai yenyewe hukuionja, na ukajibu nimekunywa. Kwetu neno limebeba mlo wa asubuhi, kwao limebeba wa jioni.

Ukitaka kumuuliza mtu kama anataka kikombe cha chai, huko Yorkshire, Leeds iliko, sema "brew". Watakufurahia. Usiichemshe na maziwa. Weka kifuko, mimina maji yanayochemka, toa kifuko, tia maziwa ya baridi kidogo, na sukari uulize kwanza. Kazini ukiinuka kujitengenezea yako, uliza na wenzako. Anayejipikia peke yake husemwa.

Kama una watoto: mama wa rafiki yake mwanao akikuambia mtoto abaki "for tea", basi atalishwa saa kumi na moja. Mie nilishapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, mtoto akarudi ameshiba vipande vya kuku vya kuokwa. Niliumia. Nazi yenyewe niliitafuta nusu ya mji.

Kutoka: Mjomba wa Raskazone

Wanangu, nilifundisha Kiingereza miaka mingi na niseme wazi kwamba kamusi haina kosa, kosa ni kuishia kwenye maana ya kwanza. Fungueni kamusi kubwa, mlo wa jioni umo. Umo pia mlo mwepesi wa alasiri wa vijikeki na mikate midogo, ule wa matajiri uliovuma karne ya 19. Na msidanganywe na "high tea": kwa asili si ya mabwanyenye, ni chakula cha jioni cha wafanyakazi waliotoka kiwandani na njaa zao.

Neno lenyewe wote tumelitoa China. Waliolipokea kwa njia ya bahari kutoka pwani ya Fujian, kupitia Waholanzi, wakapata "te". Sisi tulilipata kupitia Uajemi na Bara Hindi, likaja na "cha". Kwa hiyo mkiona duka la huko linauza "chai tea", wanauza chai chai. Mimi niliyezaliwa karibu na mashamba ya Amani hilo linanikera, lakini sitaliponya peke yangu.

Kutoka: Mpwa, Bradford

Shikamoo mjomba. Naongeza la vijana. Mwenzako kazini akisema ana "tea", au akakwambia "spill the tea", usikimbilie birika. Anataka umbea. Limetoka kwa Wamarekani weusi, mtandao ukalisambaza. Kinachonichekesha ni kwamba kwao hiyo "tea" ni ukweli uliofichwa, na kwetu kijana akisema "hiyo chai" anamaanisha umemdanganya.

Jingine, na hili ni la kazi. Mzee anaweza kukushikisha pauni tano akasema ni "for your tea". Hakupi hongo, wala hajui kwamba kwetu pesa ya chai ina harufu. Anamaanisha ukajinunulie chakula cha jioni. Lakini waajiri wengi wa kazi hizi hawaruhusu kupokea pesa ya mteja. Mshukuru, mrudishie, halafu iandike kwenye daftari na uwaambie ofisi siku hiyohiyo.

Kutoka: Mwali wa Makorora

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Nimeandika yote kwenye karatasi. Sasa ile ya nne, "bed", ni kumlaza tu au nayo ni chakula?

Kutoka: Dada wa Leeds

Ni kumlaza. Ila kabla hujazima taa soma kwanza daftari, uone kama aliyepita jioni hakuwa mgeni kutoka Tanga.