Nakimbia sana ila mizani imegoma, mbona pumzi imeongezeka?

Mtu wa Jioni: Wakuu habari zenu. Ni muda sasa nakimbia jioni, kilo ni zilezile, misuli sioni kama imeongezeka, ila ngazi nilizokuwa nafika juu natweta siku hizi napanda huku naongea na simu. Hii pumzi imetoka wapi? Na nikipumzika wiki mbili ndo naanza upya? Fafanueni taratibu, baiolojia niliikimbia mapema 😂

Seli Hai: Mkuu mizani haioni hayo. Ukikimbia, misuli inachoma ATP (nishati ambayo seli hutumia moja kwa moja) kwa kasi, mabaki yake AMP yanaongezeka, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) kinaitwa AMPK kinashtuka kwamba nishati inaisha. Hicho pamoja na kalsiamu inayomwagika kila msuli unapokaza vinaamsha protini iitwayo PGC-1 alfa, ambayo ndo inawasha jeni za kutengeneza mitokondria, yaani vile vijumba ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kutengeneza hiyo ATP, ndo pumzi yako ilikotoka. Sasa utamu uko hapa, nakala za maelekezo ya hizo jeni zinapanda masaa machache tu baada ya mazoezi, kesho yake nyingi zimeshashuka, kinachobaki ni protini kidogo iliyotengenezwa, ukikimbia tena unaongezea juu yake. Ndo maana mimi naona kujiua siku moja kwa wiki hakufui dafu kwa mtu anayekwenda mdogo mdogo mara kwa mara. John Holloszy wa Marekani aliliona hili kwa panya mwaka 1967, aliwakimbiza wiki kadhaa, vimeng'enya vya mitokondria kwenye misuli yao vikawa karibu mara mbili.

Dada Mapigo: Na damu msiisahau jamani. Siku chache za mwanzo tu majimaji ya damu yanaongezeka, moyo unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, baadaye ndo vimishipa vidogo vinachipua kuzunguka nyuzi za misuli. Pima mapigo asubuhi kabla hujatoka kitandani, baada ya muda utaona yanashuka.

Mbishi Asilia: Sawa, ila nasikia ukimeza vitamini C na E nyingi unapona haraka, kweli?

Seli Hai: Dozi kubwa mi sishauri kwa anayefanya mazoezi. Zile kemikali kali za oksijeni zinazotoka msuli ukifanya kazi ni sehemu ya hiyo ishara, kuna tafiti zimeonyesha vidonge vikubwa vinaipunguza. Matunda hayana shida, kula tu.

Mtu wa Jioni: Na swali la kupumzika?

Dada Mapigo: Wiki mbili za kukaa kabisa utazisikia, majimaji ya damu ndo yanatangulia kupungua halafu mitokondria zinafuata. Ukibanwa kata siku, usikate kasi, hata mara mbili kwa wiki ukikimbia kwa nguvu ileile sehemu kubwa inabaki.

Mtu wa Jioni: Poa, wiki ijayo nina safari, nabeba raba.