Biskuti zimetandaa kama chapati, msaada jamani

mama_swabra: Jamani nina kitabu cha mapishi cha bibi, kile cha zamani cha Kimarekani, nimefuata kila kitu, siagi kikombe 1, unga vikombe 2 na robo, oveni 375, biskuti zimeungana trei nzima! Na aiskrimu yake imeganda ina mchanga mchanga wa barafu. Nakosea wapi?

mpishi_wa_usiku: Hiyo 375 ni Farenhaiti dada, oveni zetu weka 190. Siagi uliiyeyusha? Iwe laini tu, donge likae friji nusu saa, na trei iwe imepoa, mimi trei ya moto iliniaibisha Idi wageni wako mlangoni.

binti_tanga: Alafu kikombe chao ni mililita 240 hivi, sio kile cha chai. Aiskrimu kama huna mashine itoe friza kila nusu saa uichape kwa uma, mara nne tano, ndo chembe za barafu zinavunjika. Mi mvivu, napiga krimu mpaka inasimama, natia maziwa mazito ya kopo, nagandisha, basi.

mama_swabra: Siagi niliiyeyusha kweli 🙈 na kikombe cha chai pia. Kesho narudia