Mkimwita mkalimani aje "kuwapa vijana uzoefu", mlipeni. Nauli na cheti si malipo!

Wakuu, habari za muda huu. Leo sizunguki mbuyu, nimechoka.

Mimi ni mkalimani wa kujitegemea, Kiswahili na Kiingereza. (Kifaransa ninacho cha kuombea maji, hicho sikiuzi.) Juzi nikapigiwa simu na taasisi moja, jina silitaji, uzi usije ukafutwa. "Dada, tuna mafunzo ya vijana wanaotaka kuingia kwenye ukalimani, tunaomba utufundishie siku mbili." Nikauliza bajeti ikoje. Mtu akakohoa. "Aah dada, hii ni kuchangia jamii tu. Nauli tutakurudishia, na cheti utapata."

Cheti cha nini sasa? Mwalimu si ndiyo mimi?

Ukumbi wa hoteli umelipiwa. Chai ya saa nne na sambusa zake, imelipiwa. Mgeni rasmi anakuja kusoma hotuba ya kuandikiwa na kuondoka, bahasha yake ipo. Washiriki wanasaini fomu ya posho. Asiye na fungu ni yule tu aliyebebeshwa mafunzo yenyewe!

Halafu eti "si ni kuongea tu dada". Kuongea tu! Mafunzo ya siku mbili nayaandaa karibu wiki nzima: natafuta hotuba za kufanyia mazoezi, naandaa orodha ya istilahi za afya, za sheria, za mabadiliko ya tabianchi, nasikiliza rekodi za wanafunzi mmoja mmoja. Ukinilipa, unakata kodi ya zuio 5%. Sina mwajiri wa kunichangia NSSF, sina likizo, nikiugua mafua na sauti ikakauka mwezi huo nimekwisha.

Hata kibandani kwenyewe, kile chumba kidogo cha wakalimani ukumbini, ni vilevile. Ukalimani sambamba, yaani unakalimani huku msemaji anaendelea kuongea, wanafanya watu wawili, wanapokezana kila nusu saa hivi, kwa sababu ukizidisha hapo unaanza kuangusha tarakimu na majina ya watu. Wao: "Bajeti ni ya mmoja, jitahidi tu." Msemaji akitaja bilioni wewe ukasema milioni, lawama za nani?

Na ni haohao kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wanavaa vitenge na kupiga picha. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nne ya SADC tangu 2019, lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, makofi mengi. Wa kukibeba huko ndani ya vikao analipwa "asante sana dada, utapata konekisheni".

Nanyi wenzangu mnaokubali elfu hamsini kwa siku, sina hamu nanyi. Mnajua kabisa kesho mteja atanitajia bei yenu.

Mimi natoza hivi: laki tano kwa siku, iwe kibandani au darasani. Siku za maandalizi nusu yake, tunakubaliana idadi kabla. Nje ya mkoa, usafiri na malazi juu yenu, na nusu ya malipo inaingia kabla sijapanda gari. Kikundi cha wanafunzi wasio na mfadhili nitakifundisha bure, nitachagua mwenyewe kipi na lini.

Wakalimani, wafasiri, na mnaofundisha Excel na uhasibu mitaani, wekeni bei zenu hapa, kwa shilingi, bila mafumbo. Anayekuja kuniambia nipunguze aanze kwanza kututajia mshahara wake.