Je, mjane mzee anaweza kupunguziwa kodi ya ardhi ya kaunti hapa Mombasa?

Binti wa Kibokoni aliuliza:

Assalamu aleikum ndugu zangu. Mama yangu ni mjane wa miaka 74, na anaishi Kibokoni katika nyumba aliyoiacha marehemu baba, pamoja na kaka yangu anayetumia kiti cha magurudumu. Bili ya kodi ya ardhi iliyotufikia ina deni la miaka mingi, na riba imeshalipita deni lenyewe. Shemeji yangu aliyeko Houston anatueleza kwamba kule Texas mwenye nyumba akitimiza miaka 65, kodi ya shule (ile sehemu ya kodi ya mali inayoendesha shule za umma) inayotozwa nyumba anayoishi haipandi tena isipokuwa aongeze jengo, na kwamba mwanajeshi mstaafu aliyethibitishwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 kutokana na utumishi wake halipi kodi ya nyumba yake hata kidogo. Jana dalali mmoja alikuja, akakaa barazani, akanywa kahawa yetu vikombe vitatu, kisha akatuambia kwamba hapa pia upo "msamaha wa wazee" na kwamba atautoa kwa shilingi 15,000. Je, jambo hili lina ukweli?

Mkaazi wa Makadara alijibu:

Wa aleikum salaam, dada. Msimpe dalali huyo hata ndururu. Kodi ya ardhi ni ya kaunti kwa mujibu wa kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010, na kifungu cha 210 kinasema wazi kwamba kodi haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria, na kila msamaha ni lazima uandikwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, kisha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Msamaha unaouzwa barazani hauwezi kuwa na kumbukumbu hiyo. Kaunti yetu imewahi kutangaza misamaha, lakini ambayo mimi nimeiona ilihusu riba na faini, nayo ilikuwa kwa kila mwenye deni atakayelipa kiini cha deni ndani ya muda uliowekwa, awe mzee au kijana. Kwa hivyo ombeni taarifa ya akaunti inayotenganisha deni na riba, kisha mama aandike barua ya kuomba kulipa kwa awamu na kuondolewa riba, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake, na ahakikishe kwamba nakala ya barua anayobaki nayo imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Watu wengi hushangaa kwa nini nyumba kuukuu ya mawe iletewe bili nzito. Kwa desturi ya miji yetu kinachothaminiwa ni kiwanja, si jengo, na kiwanja cha kisiwani ni ghali hata kama dari linavuja.

Msomi wa Mwembe Tayari alijibu:

Kabla ya barua, tazameni jina lililo kwenye hati miliki. Kama kiwanja ni cha mtu mwingine na nyinyi mna nyumba tu, kama zilivyo nyumba nyingi za Majengo, basi bili ya kaunti ni ya mwenye ardhi, na nyinyi mnadaiwa ile kodi ya kiwanja mnayomlipa yeye. Kama ardhi ni ya baba na mirathi haijagawanywa, mama hawezi kuomba peke yake kana kwamba nyumba yote ni yake, kwa sababu mjane mwenye watoto anarithi thumni tu, yaani sehemu moja kati ya nane, na sehemu inayobaki ni ya warithi wengine. Nendeni Mahakama ya Kadhi kwanza.

Mama Tononoka alijibu:

Kuhusu kaka, kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni muhimu, lakini msichanganye mambo: msamaha unaojulikana sana, ule wa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi, ni wa kodi ya mapato, na unamfaa mwenye mshahara au biashara. Haugusi bili ya kaunti ya kodi ya ardhi. Vilevile, kwa kuwa shemeji ametaja wanajeshi, Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 ya hapa Kenya inahusu ustawi wao, nayo isichukuliwe kuwa cheti cha kufuta deni la kaunti.

Na shemeji amesimulia nusu ya habari. Hata huko Texas hupewi kitu usipojaza fomu na kuthibitisha kwamba nyumba ndiyo makao yako. Ipo pia njia ya mzee kuahirisha malipo maisha yake yote akiwa ndani ya nyumba, ila deni hubaki palepale likiongezeka kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na warithi ndio hulikuta.

Binti wa Kibokoni aliandika tena:

Nawashukuru sana. Jana usiku tulifungua sanduku la mama, tukaitoa hati ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa risiti zilizofifia. Jina lililoandikwa si la baba, ni la babu. Kwa hivyo shangazi zangu wawili wa Likoni nao ni warithi, na mama ameshawapigia simu ili Jumatatu twende sote kwa kadhi. Dalali amepiga simu mara mbili tangu asubuhi, na kaka ndiye aliyemjibu.