Harufu iliondoka na korona, haijarudi: tupeane uzoefu

Bi Hiliki (mwanzisha uzi), Tanga

Salaam wapendwa. Siwaulizi waliokosa harufu wiki mbili ikarudi. Nawatafuta wale ambao miaka imepita na bado.

Mimi niliugua 2021. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, pua ikabaki vilevile. Ulimi unafanya kazi: chumvi naijua, sukari naijua, ndimu naijua. Lakini pilau kwangu ni wali wa chumvi tu, maana hiliki na mdalasini mtu huvionja kwa pua. Baadaye ikaja balaa ya pili: vitunguu vikikaangwa nasikia uvundo wa kitu kilichooza. Kahawa hivyo hivyo. Nikawa natoka jikoni mbio, mawifi wakaanza kuniuliza kama nina mimba.

Hospitali ya kwanza niliambiwa ni mawazo. Iliniuma sana, na najua wengi humu mmeambiwa hivyo. Si mawazo. Daktari wa masikio, pua na koo ndiye aliyenielewesha: kirusi hiki hushambulia zaidi seli zinazozilinda na kuzilisha neva za harufu, kule juu puani. Neva zenyewe huota upya maisha yote, ila zikiota huenda zisijiunge na ubongo zilivyokuwa, ndipo kitunguu kinanuka uozo.

Alinipa zoezi la Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, lililochapishwa 2009. Harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Unanusa kila moja sekunde kama 10, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, huku ukijikumbusha ilivyokuwa. Karafuu tunazo, waridi nilitumia marashi, majani ya mkaratusi nayafikicha viganjani. Karafuu ndiyo iliyoanza kurudi, kwa mbali. Kitunguu bado.

Baba Mbili, Mombasa

Pole sana dada. Kwangu hatari ilikuwa gesi. Mtungi ulivuja usiku, nimelala papo hapo, akashtuka mwanangu. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili mtu ajue inavuja. Sisi hiyo hatuna. Sasa kila nikibadilisha mtungi napaka povu la sabuni pale mpira unapoungana na kichwa cha mtungi. Mapovu yakifura, nafunga, nafungua madirisha, siwashi hata taa. Chakula cha jana anaonja mtu mwingine kwanza.

Mwalimu wa Zamu

Harufu yangu ilirudi, kilichoharibika ni mengine. Naandika ubaoni, katikati ya sentensi neno linapotea, darasa zima linanitazama. Usiku nyayo zinachoma. Nikisimama ghafla moyo unakwenda mbio hadi nashika meza. Sukari ilipimwa, damu ikapimwa, kila kitu sawa, nikaonekana mvivu.

Daktari mmoja alinipima mapigo nikiwa nimelala, kisha nimesimama dakika 10. Yakapanda zaidi ya 30 kwa dakika. Akasema neva zinazoendesha moyo na mishipa ya damu bila sisi kuziamuru ndizo zilizovurugika. Nakunywa maji mengi, chumvi nimeongeza kwa ushauri wake (mwenye presha asijaribu peke yake), navaa soksi ndefu za kubana, na nafundisha nikiwa nimekaa. Mwombeni daktari awapime hivyo, ni kipimo kisichohitaji mashine kubwa.

Msomaji Kimya

Mimi si korona. Mafua makali, 2016, tangu hapo kimya. Zoezi litanifaa kweli miaka yote hii?

Bi Hiliki

Ndugu yangu, niliambiwa anayeanza mapema ana nafasi kubwa zaidi, sitakudanganya. Lakini kunusa karafuu hakukupunguzii kitu. Ila tangulia kwa daktari akuchungulie puani, kuna vinyama huota humo vikaziba harufu, na vile vina tiba yake. Nyungu nilijifukiza sana, pua ilifunguka, harufu haikuja.

Mwalimu, hizo soksi ni zile za maduka ya dawa? Dada yangu ana hali kama yako.

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo, za duka la dawa. Apimwe mguu kwanza, zisizomtosha zitamuumiza. Avae asubuhi kabla hajashuka kitandani.