Nihamie kwangu Kisemvule au nilipe kodi ya miezi sita Mbagala? Mama watoto hataki

Mwana Kizuiani (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kabla mwezi haujaisha, mwenye nyumba ameshagonga mlango mara mbili.

Nina mke na watoto wawili, mmoja darasa la pili, mwingine bado wa kubebwa. Tumepanga Mbagala Kizuiani, hapa Dar, kwa 120,000 kwa mwezi, na anataka miezi sita, yaani 720,000 mkononi. Kazi yangu ni dukani Kariakoo.

Mwaka juzi nilinunua kiwanja nje ya Dar, wilaya ya Mkuranga, mbele ya Vikindu, upande wa Kisemvule, ukitoka lami ni kama dakika kumi kwa boda. Ni kijiji haswa: mikorosho, minazi, na ikifika saa mbili usiku unasikia vyura tu. Nimejenga vyumba viwili na sebule, nimeshaezeka. Mlango wa mbele upo, madirisha ya vyumbani yana nondo, ya sebuleni nimeziba kwa matofali. Plasta bado, chini ni kifusi kilichoshindiliwa, umeme bado. Choo cha nje kimekamilika isipokuwa mlango, nimetundika turubai.

Mimi nasema tuingie hivyo hivyo, hiyo laki saba na ushee iende kwenye nyumba. Mwenzangu hataki hata kusikia, ananiambia, "Unataka kunitupa porini, wewe ushinde mjini." Nikimwambia ukivuka Kongowe tu umeshafika, ananuna. Nikaze au nilipe kodi? Nawasilisha.

Bwana Tofali

Hamia mkuu. Ukisubiri nyumba iishe utazeekea kwa mwenye nyumba.

Mzee wa Kikokotoo

Tupige hesabu kwanza. Kizuiani hadi Kariakoo, kwenda na kurudi, tuseme 2,000. Siku 26 ni 52,000, jumlisha kodi unapata 172,000 kwa mwezi. Kule una boda hadi lami, daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, kisha basi la mwendokasi, na jioni hivyo hivyo. Ukitumia chini ya 6,000 kwa siku njoo unidai. Mara 26 ni 156,000. Umeokoa 16,000 mkuu, mchele kilo chache na nyanya. Faida yako ni kuishika ile 720,000 kwa mkupuo tu, na nauli itaila kidogo kidogo, usijidanganye kwamba gharama za kila mwezi zitashuka sana.

Mama Tatu

Mzee kapiga hesabu ya pesa, mimi nakupigia ya saa. Naishi huko huko, huu mwaka wa nne. Mume wangu anatoka saa 10 na nusu alfajiri ili foleni ya Kongowe isimkute, anarudi saa 3 usiku watoto wameshalala. Anayeishi kijijini ni mimi, yeye analala tu.

Kaka yangu, umetuandikia nondo, kifusi na plasta, hujaandika hata mstari mmoja mkeo atashindaje huko. Maji atachota wapi? Kisima cha jirani yangu ni cha chumvi, sabuni haitoi povu na chai inakuwa kama mchuzi, ya kunywa tunanunua kwa dumu. Shule iko umbali gani kwa miguu ya mtoto wa darasa la pili? Masika yakishika boda hawaingii, unavua viatu, unambeba mtoto mgongoni mpaka lami.

Sisemi ni pabaya. Mwezi wa kwanza nililia. Hakuna aliyenisema vibaya, ila hakuna aliyeniita. Jirani akafiwa, nikaenda kulala msibani, tukamenya vitunguu mpaka usiku wa manane. Keshokutwa yake nikaletewa mihogo, na mtu akanionyesha njia ya mkato ya zahanati. Nyie mnaotuma rambirambi kwa simu, huko mtakaa miaka kumi mkiitwa wageni.

Kamba na Vigingi

Mimi nauliza karatasi. Uliuziwa na nani, na nani alikaa kikao? Kama ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayotakiwa kuridhia. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Omba muhtasari wa kikao, na uandikishane ile mikorosho ni ya nani, maana kuna watu huuza ardhi halafu msimu ukifika wanakuja kuokota korosho.

Umeme nao ulizia mapema. Januari 2022 bei ya kuunganishiwa kijijini ilikuwa 27,000, ya mjini 320,960 hata kama huhitaji nguzo. Hapo kuitwa kijiji ni neema.

Sina Kiwanja

Mmesahau nyoka wa kwenye mikorosho 😂

Bwana Tofali

Nyoka nao wanahama, watu wamekuwa wengi.

Mwana Kizuiani

Mrejesho wakuu. Mwenye nyumba nimembembeleza, kapokea ya miezi mitatu. Mama Tatu, ulinipiga penyewe. Jumapili nimempeleka mama watoto, na naona aibu kuandika kwamba ni mara yake ya kwanza tangu ninunue. Paa hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, wakakaa mkekani saa nzima, akarudi anajua bei ya dumu, shule ilipo, na kwamba mtaro wa mvua unapita mbele ya mlango wetu. Hayo mimi miaka miwili sikuyajua.

Kisha akazunguka nyuma, akasimama mbele ya lile turubai. Upepo ukalipeperusha.

"Baba nanihii, hapa ndipo nitaoga mie?"

Fundi wa mlango nimeshampigia, anakuja Jumamosi.