Nisomee diploma ya friji na AC miaka mitatu ama nibaki tu na fundi Kibuye?

Kijana_wa_Manyatta

Wadau niaje, naomba mawazo kabla sijalipa chochote. Mi niko Kisumu, nilipata C- kwa KCSE, na karibu mwaka na nusu sasa nasaidia fundi wa friji pale Kibuye. Siku kazi iko ananipa mia tano, siku haiko narudi home hivyo hivyo. Sasa anko wangu ako Ohio, anasema huko jamaa wa AC wanakula vizuri na walisoma koleji ya mtaa miaka miwili tu, kwa hivyo ananisukuma nichukue diploma ya friji na AC. Nimeulizia, karo ni kama elfu 67 kwa mwaka kabla mkopo wa serikali wa HELB haujaingia, halafu weka keja, chakula, ovaroli na hiyo atachimenti (kujifunza kazini) yenye wengi hawalipwi hata nauli. Fundi wangu naye ananicheka, ati ye hakuingia darasani na amesomesha watoto wanne na hii kazi. Nimsikize nani?

BaridiKali_Nakuru

Kijana wangu, fundi wako anasema ukweli lakini kuna kitu ameacha nje. Mi pia nilianzia barabarani, miaka sita mzima kabla niende kusomea cheti jioni. Nikuulize, ushaona friji inarudishwa baada ya siku mbili, mwenyewe analia ati ilikuwa inagandisha poa halafu ikakataa, akizima ikae masaa kadhaa inafanya tena, halafu inakataa tena? Sisi tulikuwa tunasema gesi imevuja, tunaongeza, tunakula pesa ya mama wa watu. Kumbe tatizo ni maji. Ukifungua paipu unyevu unaingia, na kama hukuvuta na pampu ya vakyum, ile ya kufyonza hewa na unyevu kutoka kwa paipu, hayo maji yanaenda kuganda pale mdomo wa kapilari, kale kapaipu kembamba, gesi haipiti. Ukizima barafu inayeyuka, unadhani imepona. Sisi hatukuwa na pampu, tulikuwa tunafukuza hewa na gesi yenyewe kidogo tunaziba. Sijui niliua kompresa (ile mota ya kusukuma gesi) ngapi nikisema ni za China hazina nguvu.

Na kitu ingine, friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi ya R600a. Soma stika kabla ushike tochi ya kuchomelea, hiyo gesi inashika moto kama ile ya kupikia. Inaingia kidogo sana, friji ya nyumbani unapata gramu 50 ama 60 hivi, kwa hivyo unapima na mizani, si mambo ya kushika paipu useme imetosha.

Dada_Spana

Mi niko na hiyo diploma na nitakwambia vile ilikuwa. Koleji yenye nilisomea (sitaitaja) tulikuwa kama arobaini kwa AC moja mbovu, geji za kupima presha ya gesi nilizichora kwa daftari term mbili kabla nizishike. Kushika kazi nilishika kwa atachimenti, huko hotelini, na huko ndio niliona mafuta ya kompresa na kapasita, kale kamkebe ka kusaidia mota kuanza, kwa macho yangu. Kwa hivyo usidhani diploma itakufanya fundi, wewe tayari unanishinda venye nilikuwa.

Lakini karatasi ilinifungulia geti. Hoteli, hospitali, watu wa maua Naivasha na kuldi rumu (vyumba vya baridi) zao, hao wakitangaza kazi wanaitisha vyeti kwanza, hata ukitoa kompresa ukiwa umefunga macho CV yako haifiki kwa mtu. Mshahara wa kwanza ulikuwa elfu 22, na najua msee wa mtaani aliyenipita huo mwezi, tena mbali. Tofauti ni kwamba yangu inakuja hata msimu wa mvua watu wakisahau friji zao, na sasa napelekwa kwa mashine kubwa zenye fundi wa mtaani hagusi.

Ukienda kuangalia koleji usiulize karo tu, omba uingie workshop uhesabu pampu za vakyum zinazofanya.

Niko_Majuu

Omera, anko wako anakupenda lakini anapiga hesabu ya kwake. Mi niko huku Marekani kwa hii kazi. Kwanza, huku nusu ya kazi ni joto, mafanesi, mashine za kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na hiyo Kisumu nani anataka? Pili, kitu sheria inaitisha ukitaka kufungua mashine yenye gesi ni cheti cha EPA, shirika la mazingira la serikali ya huku, kinaitwa Section 608, na hicho ni mtihani, si diploma. Kuna watu wengi wamepitia kwa kampuni wakifundishwa huku wanalipwa, bila koleji. Hiyo koleji ya mtaa yenyewe ni bei nafuu kwa mwenyeji wa hapo, mgeni analipa mara kadhaa zaidi. Kwa hivyo kama unasomea Kisumu ukiwaza itakuleta huku, jua 608 utaifanya tu hata na diploma yako mkononi.

BaridiKali_Nakuru

@Niko_Majuu hapo umenena. Kijana, kuna njia ya katikati hakuna mtu amekutajia. Enda NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ufanye gredi testi (mtihani wa ufundi), anza na gredi ya III ukiwa bado unafanya kazi Kibuye, mia tano zako zinaendelea. Ukipata, upande II. Diploma inaweza kungoja uone kama unataka geti za Dada_Spana ama unataka kibanda chako. Na jifunze stima vizuri, friji nyingi zinaletwa ziko na shida ya rilei (swichi ya kuanzisha kompresa) ama thamostati (ya kupima baridi), gesi haijaguswa.

Kijana_wa_Manyatta

Asanteni sana wakubwa. Ile friji ya kuganda na kukataa tuko nayo sasa hivi, ya mama wa samaki Dunga, tumeiongeza gesi mara mbili na jana amekuja na kelele. Nimemwonyesha fundi hii post akanyamaza, halafu akaniuliza pampu inauzwa pesa ngapi. NITA nimeamua, pesa ya mtihani natafuta. Koleji naenda Jumatatu, lakini kuhesabu pampu tu.